Kustaafu na Kung'atuka: Mrushaji wa Kasi Aliyeumia na Kisa cha Aasif Karim wa Mombasa

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili ambazo zikikutanishwa katika baraza moja hazikosi kugombana. Ya kwanza yasema kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ya pili yasema kuwa utu uzima dawa. Mwenye kutaka mzee aondoke huishika ya kwanza, mwenye kutaka abaki huishika ya pili, na kila mmoja hudhani kuwa amemaliza maneno. Makala haya yanazitazama methali hizo katika uwanja ambao wanafunzi wa fasihi hawana mazoea ya kuutembelea, yaani uwanja wa kriketi, na yanauliza swali hili: je, mrushaji wa mpira wa kasi ambaye umri umemwendea na mwili wake umekwisha kuumia, aendelee kuichezea nchi yake katika mashindano ya kimataifa, au aache?

Huenda msomaji wa bara akaona kuwa swali lenyewe ni la kigeni, kwa kuwa kriketi ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza na ikashikiliwa kwa muda mrefu na jamii zenye asili ya Kihindi. Kwa mkaazi wa Kisiwa cha Mombasa hoja hiyo haina mashiko. Uwanja wa Mombasa Sports Club, ulio mwendo mfupi tu kutoka Mji wa Kale, uliandaa michezo ya kimataifa ya siku moja mwezi Novemba 2006, Kenya ilipocheza na Bermuda. Zaidi ya hayo, mmoja katika warushaji waliokumbukwa sana katika historia ya mchezo huu nchini Kenya, Aasif Karim, alizaliwa Mombasa tarehe 15 Desemba 1963. Kila swali la umri linapozuka katika kriketi ya Kenya, jina lake halichelewi kutajwa. Hutajwa kama ushahidi kuwa mkongwe asiachwe. Makala haya yanadai kuwa ushahidi huo husomwa nusu tu, na kwamba ukisomwa wote humwelekeza mrushaji wa kasi aliyeumia upande mwingine.

Kazi ya mrushaji wa kasi na gharama yake mwilini

Kwanza ni vyema kueleza kazi yenyewe, kwani wengi huiona kwa mbali tu. Mpira wa kriketi ni mgumu, una uzito wa takriban gramu 160, na hurushwa katika njia yenye urefu wa mita 20 na ushei. Mipira sita halali hufanya ova moja. Mrushaji haruhusiwi kuukunjua mkono wake kama atupaye jiwe; mkono sharti uzunguke juu ya bega ukiwa kama umenyooka. Kwa hiyo nguvu haitoki katika kiwiko. Hutoka katika mbio za kuujia mstari, katika mruko wa mwisho, na katika namna mwili unavyosimamishwa ghafla mguu wa mbele unapotua, mithili ya gari linalofunga breki huku mzigo uliomo ndani ukiendelea kwenda mbele. Mzigo huo ndio mpira. Ukitoka kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa, mpigaji ana takriban nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kupiga.

Kinachomtisha mpigaji ndicho hicho hicho kinachomla mrushaji. Mguu wa mbele unapotua, ardhi huurudishia mwili nguvu ambayo ni mara kadhaa ya uzito wa mtu mwenyewe. Nguvu hiyo hupanda kutoka kisiginoni hadi kifundo cha mguu, kisha goti, kisha nyonga, na wakati huo huo uti wa mgongo umepinda upande mmoja huku ukizunguka. Hapo ndipo pingili za kiuno hupata nyufa ndogo ndogo, maradhi ambayo waganga wa michezo wanayajua sana kwa warushaji vijana ambao mifupa yao haijakomaa. Mrushaji anayevuka umri wa miaka thelathini huwa ameponea nyufa za ujanani, ama amezipata zikapona. Adha yake sasa ni goti, kifundo, bega, na misuli ya nyuma ya mguu. Naye huponeka polepole. Jeraha ambalo kijana hulilaza kitandani wiki mbili, mtu mzima hulilea miezi.

Kuna jambo moja ambalo husahauliwa katika mijadala ya Afrika Mashariki, nalo ni zito kuliko mengine. Watafiti wa tiba ya michezo wamebaini kuwa hatari haitokani na wingi wa mipira peke yake. Hutokana hasa na mruko wa ghafla wa kazi: mrushaji aliyezoea kurusha kidogo akarusha mipira mingi katika siku chache, na wiki kadhaa baadaye mwili hudai deni lake. Mrushaji wa nchi kubwa huumia kwa kuchezeshwa mno mwaka mzima. Mrushaji wa nchi kama Kenya yumo katika hatari ya namna nyingine. Hukaa miezi bila mchezo mkali, kisha hupandishwa ndege kwenda katika mashindano ambapo atarusha ova kumi, apumzike siku mbili tatu, arushe nyingine kumi, huku hakuna wa kumpokea. Mwili wa miaka 22 huweza kusamehe mruko huo. Mwili wa miaka 36 wenye goti bovu hausamehi.

Siku moja mjini Durban

Sasa turejee kwa Karim. Hakuwa mrushaji wa kasi. Alirusha polepole kwa mkono wa kushoto, akiuzungusha mpira kwa vidole ili ukigusa ardhi ugeuke. Alikuwa mwanamichezo wa fani mbili, kwani aliiwakilisha Kenya pia katika tenisi, katika mashindano ya Kombe la Davis. Alikuwemo katika kikosi cha Kenya kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1996, yale mashindano ambamo Kenya iliishinda West Indies mjini Pune. Alikuwa nahodha katika Kombe la Dunia la mwaka 1999 nchini Uingereza. Baada ya hapo akaondoka katika kriketi ya kimataifa, akashughulika na mambo yake.

Miaka minne baadaye akaitwa. Kombe la Dunia la mwaka 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, na Kenya ilihitaji mtu aliyekwisha kuona mengi. Alikuwa na umri wa miaka 39. Mashindano yale yanakumbukwa kwa mengi: New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama ikapoteza alama, Sri Lanka ikaja ikashindwa tarehe 24 Februari kwa kazi ya Collins Obuya aliyeangusha wiketi tano, na Kenya ikafika nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi isiyocheza michezo ya Test iliyokuwa imelifanya kabla yake.

Tarehe 15 Machi 2003 Kenya ilikutana na Australia mjini Durban. Australia ndiyo iliyokuwa bingwa wa dunia, nayo ilimaliza mashindano hayo bila kushindwa hata mchezo mmoja. Kenya ilitangulia kupiga. Kabla watazamaji hawajakaa vizuri, Brett Lee, kijana wa miaka 26 aliyeweza kuurusha mpira kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, aliwaangusha wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, na Kenya ikawa na mikimbio mitatu kwa wiketi tatu. Kwa ukakamavu wa Steve Tikolo na wenzake, Kenya ilijikokota hadi mikimbio 174. Adam Gilchrist akajibu kwa mikimbio 67 katika mipira 43, na ikaonekana kuwa watu wangerudi majumbani mapema.

Australia ilipokuwa na mikimbio 109 kwa wiketi mbili, mambo yakabadilika. Karim alimnasa nahodha Ricky Ponting kwa mguu uliozuia mpira mbele ya wiketi. Akamtoa Darren Lehmann, aliyedakwa na mlinda wiketi. Akamtoa Brad Hogg kwa kuudaka mpira yeye mwenyewe. Mikimbio 109 kwa wiketi mbili ikawa 117 kwa wiketi tano. Australia ilishinda mwishowe, kwani lengo lilikuwa dogo, lakini hesabu ya Karim ilibaki katika vitabu: ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, mikimbio 7 tu, wiketi 3. Ni nadra mchezaji wa timu iliyoshindwa kutangazwa kuwa mchezaji bora wa siku, naye akatangazwa.

Yafaa kutulia kidogo hapa na kuwatazama warushaji wale wawili kwa pamoja, Lee na Karim, maana siku ile iliwaweka katika kioo kimoja. Lee alikuwa katika kilele cha nguvu zake. Karim alikuwa mzee kwa kipimo cha mchezo, na kazi yake ilitegemea vidole, jicho, na elimu ya kujua mpigaji anawaza nini. Hebu tufuate safari ya Lee baada ya hapo. Mwezi Desemba 2008 mguu wake ulivunjika mjini Melbourne akiwa katika mchezo dhidi ya Afrika Kusini, na hakucheza tena mchezo wa siku tano. Mwaka 2010 alitangaza kuachana nao. Aliendelea na michezo mifupi. Mwezi Julai 2012, akiwa na umri wa miaka 35, aliumia msuli wa mguu katika ziara ya Uingereza, akarudi nyumbani, akastaafu. Kwa hiyo yule aliyekuwa kijana siku ile ya Durban aliishiwa mwilini akiwa na umri mdogo kuliko aliokuwa nao Karim siku hiyo hiyo.

Kile ambacho kisa hakithibitishi

Wanaomtaja Karim ili kumtetea kila mkongwe husahau mambo matatu, na kila moja ni kubwa. Hakuwa majeruhi. Hakuwa mrushaji wa kasi. Na wala hakuwa ameng'ang'ania nafasi yake. Alikuwa ameiacha kwa miaka minne, akarudi kwa wito mfupi. Kenya iliposhindwa na India katika nusu fainali tarehe 20 Machi 2003, mjini Durban vilevile, huo ukawa mchezo wake wa mwisho wa kimataifa. Hakuruhusu siku moja nzuri imdanganye kuwa miaka imerudi.

Watu wa Mombasa hawahitaji mfano wa mbali ili kuielewa tofauti hii. Katika majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale kwa karne nyingi, kila baharia alikuwa na kazi ya umri wake. Kupanda foromali na kuikunja tanga upepo unapokaza kulikuwa kazi ya vijana. Kuujua mkondo, kuzisoma nyota na kujua ni lini kaskazi itakuwa imetulia vya kutosha kulikuwa kazi ya nahodha, na nahodha hakudharauliwa kwa kuwa hapandi mlingoti. Si bure kwamba Kiswahili kimemchukua nahodha huyo huyo wa chomboni kikamweka pia uwanjani. Lakini nahodha mwenye goti bovu anayepanda mlingoti ili kuonyesha kuwa bado yumo, hahatarishi goti lake peke yake.

Methali mbili tulizoanza nazo hazipingani basi. Zinazungumzia viungo tofauti vya mtu mmoja. Mrushaji wa kuzungusha mpira anaweza kuishi kwa utu uzima wake kwa muda mrefu. Mrushaji wa kasi anaishi kwa moshi, na utu uzima wake, hata uwe mwingi kiasi gani, hauwezi kuingia mahali pa mguu wa mbele usiotua sawasawa.

Kuna pingamizi la haki. James Anderson wa Uingereza alirusha kwa kasi ya wastani hadi Julai 2024, akiwa na umri wa miaka 41, akamaliza na wiketi 704 katika michezo ya Test. Hilo ni kweli. Ila kisa chake kina ukurasa mwingine. Mwezi Agosti 2019, katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, aliingia katika mchezo dhidi ya Australia akiwa anatoka katika maumivu ya msuli wa mguu. Alirusha ova nne tu, msuli ukakataa, na wenzake wakabeba ova zake kwa siku zote zilizobaki. Uingereza ikashindwa kwa tofauti kubwa. Katika kriketi mchezaji wa akiba aweza kudaka na kuukimbiza mpira, lakini, isipokuwa katika jeraha la kichwa tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019, haruhusiwi kurusha wala kupiga badala ya aliyeumia. Huu ndio uzito wa swali letu. Mkimbiaji wa marathoni akiingia na jeraha, huumia yeye. Mrushaji akiingia na jeraha, timu nzima hucheza ikiwa pungufu, na mara nyingi kijana wa pembeni yake ndiye anayerushishwa ova za ziada mpaka naye akaumia. Anderson aliweza kurudi na kudumu miaka mingine mitano kwa sababu nyuma yake palikuwa na madaktari, michezo mingi ya kujipimia, na warushaji wengine wa kumpokezana. Kuiga uvumilivu wake bila kuwa na vitu hivyo ni kuiga kivuli.

Maneno mawili

Hapa lugha yenyewe yaweza kusaidia. Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kueleza mtu kuacha wadhifa kwa hiari. Moja ni kustaafu, lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kuomba kusamehewa, kuomba kuondolewa mzigo. Mzizi wake ndio uliotupa pia maneno afya na afu. Yaani anayestaafu, kwa asili ya neno, ni mtu anayeomba msamaha wa kazi, na jirani wa neno lake ni afya. La pili ni kung'atuka, lililotoka katika Kizanaki na kuenea baada ya Mwalimu Julius Nyerere kulitumia alipoacha urais wa Tanzania mwaka 1985. Kung'atuka hakuulizi habari za afya. Ni desturi ya rika kuliachia rika lililo chini yake. Hakuwezi kufanyika pasipokuwa na rika hilo: mtu hawezi kuwang'atukia watu wasiokuwapo.

Swali la mrushaji aliyeumia, basi, ni maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni la mwili wake: je, ana afya ya kuifanya kazi hii? Hili linajibika kwa kipimo. La pili ni la nchi: je, yupo wa kupokea? Hili linajibika kwa kazi ya miaka, viwanjani na mashuleni. Kosa linalotendeka mara kwa mara ni kulijibu la kwanza kwa kutumia jibu la pili. Kwa kuwa hakuna wa kupokea, husemwa kuwa mzee bado yuko sawa. Goti lake hufanywa mlango wa kufichia chumba kitupu.

Kenya baada ya 2003

Historia ya kriketi ya Kenya baada ya nusu fainali ile inaonyesha jinsi chumba hicho kilivyokuwa kitupu. Ugomvi wa mishahara na mikataba kati ya wachezaji na viongozi ulilipuka mwaka 2004 ukaendelea 2005. Kizazi kilichong'ara kilizeeka kikiwa bado uwanjani. Thomas Odoyo, mrushaji aliyeanza kuichezea Kenya katika Kombe la Dunia la 1996 akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa bado kikosini katika Kombe la Dunia la 2011. Mashindano hayo Kenya ilishindwa michezo yote sita, na katika ule wa kwanza, dhidi ya New Zealand mjini Chennai, ilitolewa kwa mikimbio 69. Tikolo alistaafu baada ya hapo akiwa na umri wa miaka 39, umri ule ule wa Karim siku ya Durban. Kisha akaitwa tena akiwa na miaka 42, kwa mashindano ya kufuzu yaliyofanyika New Zealand mwanzoni mwa 2014. Kenya haikufuzu, na ikapoteza hadhi yake ya kucheza michezo rasmi ya kimataifa ya siku moja.

Ni rahisi kuwalaumu wakongwe hao, na lawama hiyo si ya haki. Odoyo na Tikolo walibaki kwa kuwa waliombwa kubaki, na kwa kuwa hata katika uchakavu wao walikuwa bora kuliko wengi waliokuwapo. Karim na Tikolo waliitwa kwa neno lile lile, lakini miito yao haikufanana. Ule wa 2003 ulimwongeza mzee mmoja katika kundi la vijana waliokuwa tayari wanashinda. Ule wa 2014 ulimtafuta mzee azibe pengo ambalo miaka kumi na mmoja haikulizibwa. Wa kwanza ulikuwa kitoweo, wa pili ulikuwa ombi la mtu mmoja kuwa mlo mzima.

Jambo lingine halisemwi vya kutosha, nalo ni la riziki. Mchezaji ambaye hulipwa anapocheza tu, asiye na bima ya maana wala akiba ya uzeeni, hana sababu ya kumwambia daktari ukweli. Atafunga goti bandeji, atameza vidonge vya maumivu, ataruka mbele ya wateuzi asubuhi, na jioni atashindwa kushuka ngazi za nyumbani kwake. Kumwambia mtu huyo astaafu kwa heshima bila kumwonyesha atakula nini ni maneno ya barazani. Kwa sababu hiyo uamuzi haufai kuachwa mikononi mwake peke yake, wala mikononi mwa wateuzi wanaohitaji jina lake lijaze uwanja. Daktari asiyelipwa kwa matokeo ya mchezo ndiye apewe neno la mwisho kuhusu mwili, na mkataba uwe na kifungu kinachomlipa mchezaji aliyeumia akiitumikia nchi, acheze asicheze.

Je, aendelee au aache? Kwa mrushaji wa kasi aliyevuka miaka 35 na mwenye jeraha linalojirudia katika kiungo kile kile, jibu la makala haya ni kuwa aache kurusha kwa kasi katika michezo mirefu ya kimataifa. Neno linalobeba uzito hapo ni kujirudia. Msuli uliochanika mara moja ukapona si hukumu. Goti linalovimba kila baada ya ova sita limekwisha kusema.

Kati ya kuacha na kuendelea lakini mna njia ambayo wengine wamepita. Lasith Malinga wa Sri Lanka, aliyesumbuliwa na goti, aliacha michezo ya siku tano mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 27, akabaki katika ile mifupi ambamo mrushaji haruhusiwi kuzidi ova kumi, au nne katika ile ya ova ishirini. Kwa kuipunguza kazi mapema aliongeza miaka minane, hadi alipoiaga michezo ya siku moja mjini Colombo mwezi Julai 2019 kwa kuangusha wiketi kwa mpira wake wa mwisho. Mwingine aweza kupunguza mbio zake na kurusha kwa kasi ya chini akitegemea kuupinda mpira hewani. Hii si aibu. Dennis Lillee wa Australia, aliyepata nyufa za mgongo mwaka 1973, aliujenga upya mtindo wake akacheza miaka kumi zaidi. Lakini Lillee alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu alipoumia, na alipumzishwa kwa muda mrefu kabla ya kurudi.

Anayetaka kuendelea apimwe kwa kazi yenyewe. Kipimo cha kukimbia kuzunguka uwanja hakitoshi, kwani goti halimwumi mrushaji anapokimbia mbele. Humwuma anapofunga breki. Na arushe ova kumi kamili katika joto na unyevu wa Mombasa mwezi wa Februari, apumzike siku moja, arushe kumi nyingine. Asubuhi ya siku ya nne daktari atazame jinsi anavyoinuka kitini. Kipimo hicho ni cha bei nafuu, na kingeweza kufanyika hapo hapo Mombasa Sports Club wiki sita kabla ya safari yoyote, kukiwa bado na muda wa kumwita mtu mwingine.

Kuhusu huyo mtu mwingine, kisa cha Karim kina tanbihi. Mwanawe, Irfan Karim, naye aliichezea Kenya katika michezo ya kimataifa ya siku moja katika miaka ya 2010. Hakuwa mrushaji kama baba yake. Alikuwa mpigaji na mlinda wiketi. Familia moja ilitoa wa kupokea. Nchi nzima, katika muda huo huo, ilikuwa bado inampigia simu Tikolo.